Kuurudia Urubani Baada ya Kuuacha

Wako vijana walioanza kujifunza urubani, kisha fedha zikawaishia, au ulezi ukawashughulisha, wakauacha miaka kumi. Je, elimu yao imepotea?

Natuitazame sheria ya Marekani. Saa alizoruka mwanafunzi, zikaandikwa katika daftari lake, hazifutwi. Huhesabiwa katika zile 40 zitakiwazo kwa uchache ili apate leseni ya rubani wa ndege binafsi. Lakini matokeo ya mtihani wa maandishi hudumu miezi 24 tu, na idhini ya mwanafunzi kuruka peke yake hudumu siku 90. Kwani daftari halisahau, bali mkono husahau.

Wenye kuhifadhi Qur'ani waijua hali hii. Mtume (S.A.W.) ameifananisha na ngamia wa kufungwa: asipoangaliwa huponyoka.

Basi ewe kijana, rudi. Usione haya kukaa mbele ya mwalimu uliyemzidi umri, akupime upya: kupaa, kutua, na la kufanya injini izimikapo. Wala usimwombe akupunguzie. Roho za abiria ni amana, nawe utaulizwa juu yake.