Gata za Paa Zisafishwe Lini Kwenye Nchi ya Baridi?

Jibu la haraka ni mara mbili kwa mwaka: mara ya kwanza majani yakishamaliza kupukutika, na mara ya pili mwanzoni mwa majira ya joto. Lakini mwenye nyumba anayeshika hesabu hiyo bila kujua sababu yake anaweza kusafisha mara mbili na bado maji yakamwingilia ndani. Penye baridi kali, majira ya kusafisha yana uzito kuliko idadi.

Tuchukue mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ambako zipo pia familia zinazozungumza Kiswahili. Aliyekulia Afrika Mashariki amezoea gata inayokinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi. Minneapolis kazi ya gata ni kuyafukuza maji yasikae karibu na nyumba. Nyumba nyingi za huko zina chumba chini ya ardhi, na maji yanayomwagika kando ya ukuta hutafuta njia ya kuingia humo.

Maji yenyewe si haba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 25, gata zinapokea lita 2,500. Zikiwa zimeziba, maji hayo yote hufurika na kudondokea palepale kwenye msingi. Baridi ikija, udongo uliolowa huganda na kutanuka, kwa kuwa maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa takribani asilimia 9. Hapo kuta za msingi husukumwa, na nyufa ndogo hupanuka mwaka hadi mwaka.

Juu kwenye paa nako kuna mzigo. Minneapolis hupata wastani wa sentimita 130 hivi za theluji kwa mwaka, na usiku wa Januari joto hushuka kwa wastani hadi nyuzi 13 chini ya sifuri. Jua likiyeyusha theluji kidogo mchana, gata safi huyapitisha maji hayo. Gata iliyojaa majani huyazuia, na usiku yanagandia humohumo. Gata ya kawaida ya nyumba hubeba kama lita 5 za maji kwa kila mita, kwa hiyo urefu wa mita 12 uliojaa barafu una uzito unaokaribia kilo 60, wote ukining'inia kwenye skrubu zilizopigwa kwenye fishabodi, ile mbao ya ukingoni mwa paa. Skrubu hulegea, mteremko hupotea, na mbao huanza kuoza. Tena majani yakishaganda hayatoki kwa mkono wala kwa mwiko. Yatakaa hapo mpaka barafu iyeyuke.

Ndiyo maana usafi wa mwisho wa mwaka ndio usiokosekana. Minneapolis majani mengi hudondoka Oktoba. Ukisafisha mwanzoni mwa mwezi huo, gata zitajaa upya. Ukichelewa hadi Desemba, utakuta zimeganda. Muda unaofaa kwa kawaida ni kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba, lakini mwamuzi ni mti ulio juu ya paa lako: ukibaki karibu mtupu, panda ngazi. Wenye mialoni wawe macho zaidi, kwani baadhi ya miti hiyo hung'ang'ania majani makavu hata majira ya baridi. Hao wakague tena barafu inapokwisha.

Usafi wa pili unafuata mbegu. Mwezi Mei miti iitwayo mielmu humwaga mbegu zake. Kuanzia mwishoni mwa Mei, aina moja ya mepo, jamii ya mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, hudondosha mbegu zenye mabawa kwa wingi, na zikikaa kwenye uchafu wenye unyevu huota humo ndani ya gata. Subiri zimalizike, usafishe katikati ya Juni. Nyumba iliyo chini ya misonobari ihudumiwe kila baada ya miezi mitatu hivi, maana sindano zake hudondoka mwaka mzima. Nyumba isiyo na mti karibu yaweza kutosheka na mara moja, wakati wa Novemba. Vifuniko vya wavu hupunguza kazi, ila mbegu na vumbi hupenya, kwa hiyo ukaguzi unabaki palepale.

Kuna jambo moja watu hulielewa vibaya. Ukuta wa barafu unaojijenga ukingoni mwa paa na kurudisha maji chini ya vigae hauletwi na gata chafu. Unaletwa na joto la nyumba linalovuja hadi darini, likayeyusha theluji ya juu, kisha maji yakaganda tena yakifika ukingoni kwenye baridi. Dawa yake ni kuziba mianya ya dari, kuongeza kihami joto na kuruhusu hewa ya nje ipite chini ya paa. Wakati wa theluji nyingi, ivute ukiwa umesimama chini kwa reki yenye mpini mrefu. Usipasue barafu kwa shoka, utavunja vigae.

Siku ya kazi, vaa glavu na uwe na msaidizi wa kushika ngazi. Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani, na ngazi isiegemee kwenye gata. Zoa uchafu kwa mwiko, uutie kwenye ndoo, kisha pitisha maji ya mpira na utazame kama yanatoka mwisho wa bomba linaloshusha maji kutoka kwenye gata bila kusita. Hakikisha bomba linamwaga maji mita 2 hivi kutoka ukutani. Nyumba ikiwa ya ghorofa, lipa fundi mwenye vifaa. Kuanguka kuna gharama kubwa kuliko malipo yake. Na kama mwaka huu unaweza kumlipa mara moja tu, mwite Novemba.