Kusoma Ukutani: Utangulizi wa Somo la Notisi za Kiingereza

Mkazi wa Kangemi au Kawangware akikwambia, "Nimepewa notisi," humwulizi ni tangazo la nini. Unavuta kiti unaketi naye. Neno hilo limeingia katika Kiswahili cha Nairobi likiwa na uzito wake: notisi ya kuhama nyumba, notisi ya kuachishwa kazi. Tangazo hutolewa kwa umma, ilani hubandikwa au kuchapishwa gazetini, lakini notisi hupewa mtu, na akishapewa, siku zimeanza kuhesabiwa.

Naanzia hapo kwa kuwa taaluma ninayokukaribisha huonekana ndogo kwa aliye nje yake. Ni taaluma ya kujifunza ufahamu wa Kiingereza kwa kutumia notisi za kila siku za kazini na chuoni: karatasi moja, mistari mitano, muhuri, gundi. Wenzetu wa fasihi wana riwaya na tamthilia, sisi tuna ubao wa matangazo. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kufundisha sijakutana na matini inayomgusa msomaji kwa haraka kama hiyo. Aliyekosea kuielewa riwaya ataisoma tena. Aliyekosea kuielewa notisi ya mtihani atarudi mwaka ujao.

Tembea nami asubuhi moja. Toka Kangemi kwa miguu pamoja na wanaokwenda kazini Loresho na Westlands, au fuata wanaotoka Kawangware kuingia Lavington. Kwenye mageti utaona "Mbwa Kali". Kwenye kuta ndefu utaona "Usikojoe Hapa". Kwenye nguzo za stima kuna fuvu na neno "Hatari". Kiswahili kitupu, au Kiswahili kikitangulia. Sasa ingia ndani: kibanda cha soja, jikoni mwa hoteli, ofisi ya karo ya chuo kilicho orofani Moi Avenue. Lugha imebadilika. Zamu za wiki, utaratibu wa likizo, masharti ya kuegesha magari, ratiba ya mitihani, tarehe ya mwisho ya kulipa karo, vyote viko kwa Kiingereza. Jiji hili hutuonya kwa Kiswahili, kisha hutupangia maisha kwa Kiingereza.

Wataalamu huita jambo hilo mandhari ya lugha, istilahi iliyoenea tangu makala ya Wakanada Rodrigue Landry na Richard Bourhis ya 1997. Walifundisha kwamba mabango na vibao vya mahali huonyesha nani anadhaniwa kuwa msomaji, na lugha ipi ina nguvu. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, zote mbili. Kwa maoni yangu, ubao wa lugha moja katika ofisi ya umma ni deni ambalo halijalipwa. Lakini mama anayefagia korido za jengo la ofisi hawezi kungoja deni hilo lilipwe ndipo ajue kama Jumatatu atakuja saa kumi na mbili au saa mbili. Taaluma yetu ipo kwa ajili yake leo.

Notisi ni nini hasa? Mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, alitoa mihadhara Harvard mwaka 1955, ikachapishwa 1962 baada ya kifo chake. Alionyesha kwamba maneno mengi hayaelezi ulimwengu tu, yanatenda: hakimu akihukumu, anayeoa akikubali, anayeahidi akiahidi. Notisi ni ya ukoo huo. Inafunga mlango, inafungua mlango, inahamisha siku, inatoza. Kwa hiyo kuielewa hakuishii kwenye maana ya maneno. Unakuwa umeielewa pale unapojua nani ameambiwa afanye nini, kabla ya lini, na asipofanya itakuwaje. Mwanafunzi anayeweza kutafsiri kila neno na bado hajui kama yeye ni mmoja wa waliotajwa, bado hajaisoma.

Uchunguzi mkubwa wa vijana uliofanywa Marekani mwaka 1985 ulitusaidia sana hapa. Walioufanya hawakuuliza tu kama kijana anajua kusoma. Waliupima usomaji kwa mizani tatu: nathari, hati na hesabu zilizomo katika maandishi. Hati ni majedwali, fomu, ratiba na vibao. Mtu anaweza kusoma hadithi akafurahi, kisha akapotea kwenye jedwali la safu nne.

Mfano wa Nairobi ni ratiba ya kukatizwa stima ambayo Kenya Power huitoa kila wiki kwa Kiingereza. Ina eneo, tarehe, saa, kisha orodha ndefu ya mitaa na majengo. Mwenye kinyozi Uthiru hupitisha kidole akitafuta jina la mtaa wake, asilione, akajiona salama. Hakufika mwisho wa orodha, ambapo kuna maneno mawili ambayo kwa kawaida hufunga kila orodha: "adjacent customers", yaani wateja wa jirani. Yeye ni jirani. Stima ikipotea saa tatu asubuhi anadhani ni hitilafu, kumbe aliambiwa. Kosa lake lilikuwa la kusoma hati kwa macho ya nathari, kutafuta neno lake badala ya kuuliza orodha inaishia wapi.

Sasa nifike palipo na utamu wa taaluma hii, na palipo na maumivu. Wanafunzi wengi huamini kwamba kikwazo ni maneno makubwa. Wananiletea kamusi. Mimi nawaambia waiweke kando kwanza, tutazame maneno madogo.

Chukua "must not". Mwanafunzi anajua "must" ni lazima na "not" ni ukanusho, anaunganisha: si lazima. Kibao cha maabara kinasema wanafunzi "must not" kuingia bila koti, naye anasoma kwamba si lazima kuingia bila koti, maana isiyo na kichwa wala miguu, kwa hiyo anakisia. Kiingereza kimeweka marufuku katika "must not", na "si lazima" yetu kimeipa "need not". Kiswahili kina njia yake safi: usiingie, ni marufuku kuingia. Kosa hili halitokani na uvivu. Linatokana na akili inayojenga sentensi kwa mantiki nzuri ya lugha yake, na mwalimu anayelicheka hajui alichokutana nacho.

Chukua "may". Kwetu ruhusa na uwezekano ni vitu viwili: unaweza kuondoka, na huenda ofisi ikafungwa. Kiingereza kimevibana katika neno moja. Notisi ikisema mfanyakazi "may" kuchukua siku ya mapumziko, ni ruhusa. Ikisema geti "may" kufungwa mapema, ni tahadhari. Ikisema "may not", mara nyingi ni katazo kamili, ingawa sauti yake ni ya upole.

Chukua "by Friday". Wengi huisoma kama siku ya Ijumaa, wakapanga kwenda siku hiyohiyo alasiri. Maana yake ni kufikia Ijumaa, Ijumaa ikiwa ukingo. Kisha "until Monday", hadi Jumatatu: je, Jumatatu ofisi imefunguliwa? Hapa hata Kiswahili kinatuachia shaka, na ushauri wangu ni kuuliza. Kuuliza ni sehemu ya kusoma.

Yako maneno ya sura mbili. Mwanafunzi bora ni "outstanding", na karo ambayo haijalipwa pia ni "outstanding". Nimeona tabasamu likizimika polepole kwa sababu ya neno hilo. Yako pia maneno ya adabu yaliyobeba amri: "kindly" na "are advised". Anayesoma kwa masikio ya Kiswahili husikia ombi na ushauri, na ushauri kwetu mtu huupima akaukubali au akauacha. Ubaoni hakuna cha kupima.

Na ziko saa. Siku yetu huanza jua linapochomoza, na Nairobi, ikiwa karibu na ikweta, huchomozewa karibu wakati uleule mwaka mzima. Wakazi wa muda mrefu jicho lao husoma 7 na kinywa kikatamka saa moja bila kujikwaa. Mgeni aliyeanza kibarua wiki hii anahitaji hatua hiyo aonyeshwe waziwazi, bila kuonewa haya.

Nitakuandikia notisi moja ili tuifanyie kazi. Nimeitunga mwenyewe, ila za jinsi hii zimejaa vyuoni: "Students with outstanding fees may not sit the examination unless they have made arrangements with the Finance Office by Friday." Vijana wanaoisoma kwa pupa huona karo, huona mtihani, huona katazo. Mmoja hufunga begi akarudi kwao, maana hana pesa yote. Lakini sentensi haikudai pesa yote. Imedai mpango na ofisi ya fedha kufikia Ijumaa, na mlango huo umewekwa ndani ya neno "unless", ila kama. Asiyeliona anaona ukuta mtupu. Ndiyo maana huwa nalitumia somo zima, dakika 40, kwa neno hilo moja, na sijawahi kujuta.

Sheria yetu inaelewa haya kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, inasema mfanyakazi asiyeweza kuelewa notisi ya kusitishiwa kazi lazima aelezwe kwa mdomo na mwajiri kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 kinataka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kazi duni au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama mbele ya kikao hicho. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri abandike taarifa ya haki za wafanyakazi mahali wanapoiona wote. Msomaji wangu, yajue haya kabla ya kuyahitaji.

Lakini sheria inasimama kwenye notisi kubwa. Kati ya siku ya kuajiriwa na siku ya kuachishwa kuna mamia ya karatasi ndogo: zamu imebadilika, fomu ya likizo irudishwe, beji mpya zinachukuliwa orofa ya tatu, chai haitatolewa. Kwa hizo msomaji yuko peke yake, na aibu humfunga mdomo. Siku hizi wengi hupiga picha kwa simu wakamtumia mtoto aliye shule ya upili. Mtoto naye amefundishwa notisi, kwa kuwa ni mojawapo ya maandishi ya kiuamilifu katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE. Tatizo ni kwamba amefundishwa kuiandika apate alama. Kuipokea, kama mtu inayemhusu, amefundishwa kwa nadra.

Mitihani ya kimataifa imetangulia kidogo. Mtihani wa Cambridge wa ngazi ya B1 huanza sehemu ya kusoma kwa matini fupi za vibao na ujumbe, kila moja ikiwa na majibu matatu ya kuchagua. Yafanyie mazoezi, yana faida: jibu la uongo mara nyingi hurudia maneno yaleyale ya notisi, na jibu la kweli huyaepuka, kwa hiyo unazoea kutafuta maana badala ya kufananisha herufi. Ila ukutani hakuna A, B wala C. Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: soma notisi, igeuzie mgongo, kisha mweleze kwa Kiswahili mtu asiyeiona, kama mama mboga wa mtaani kwenu, afanye nini na lini. Akikuuliza swali ukashindwa kujibu, geuka usome tena. Wapo walimu wanaokataza Kiswahili katika darasa la Kiingereza. Mimi nakikaribisha mlangoni, kwa sababu hapo ndipo tunapojua kama maana imefika au imebaki ubaoni.

Huhitaji kitabu kuanza. Ubao wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya pale Haile Selassie Avenue, ubao wa Kabete National Polytechnic kando ya Waiyaki Way, madirisha ya Huduma Centre katika jengo la posta, lifti ya jengo unalofanyia kazi: vyote ni maktaba iliyo wazi na haidai kadi.

Nawe unayeandika notisi, katibu, msimamizi, mkuu wa idara, nakuomba jambo moja. Kabla hujaibandika, mpe afagiaye korido aisome, kisha mwulize amesikia nini. Akisikia tofauti na ulichokusudia, iandike upya, na chini yake iandike kwa Kiswahili.