Umehamia Ofisi Mpya? Ipange Ikufae

Akina mama tunajua kuhamia nyumba. Kabla mizigo haijashushwa, mama ameshajua kitanda cha watoto kitakaa wapi, jua linaingilia dirisha lipi na ndoo za maji zitawekwa pembe gani. Lakini mama huyo huyo akihamishiwa ofisi mpya hupokea kiti alichopewa, huketi palipoonyeshwa, na pengine huondoka baada ya miaka mitano bila kukisogeza hata kidogo. Mgongo ukimwuma husema ni uzee. Macho yakiwasha husema ni vumbi.

Hapa Dodoma tumeliona jambo hili sana. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini watumishi wengi hawakuhama mpaka Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali yote itahamia. Aprili 2019 alizindua Mji wa Serikali pale Mtumba. Akina mama waliokuja na wizara zao walikuwa wengi, na wengine waliacha mume na watoto Dar es Salaam, safari ya kilometa 450 hivi.

Mimi ni muuguzi, na kanisani nasaidia kuwapokea wageni. Baada ya ibada baadhi ya dada hao walinieleza maumivu yanayofanana: shingo, mabega, kiuno, na kichwa kila jioni. Nilikuwa nawauliza swali moja: "Kiti chako cha ofisini kikoje?" Wengi walicheka. Hawakuwa wamewahi kuulizwa.

Si swali la kuchekesha, dada yangu. Ofisini unakaa saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki. Ofisi isiyokufaa hula nguvu ulizokuwa umeziwekea jioni: za kukagua madaftari ya watoto, za kuzungumza na mumeo, za kusali pamoja. Wanaolipa gharama ni wale wanaokusubiri nyumbani.

Anza na mwili wako

Wengi tukiingia ofisi mpya tunaanza na kitambaa cha kufuma na picha ya familia. Subiri kwanza. Keti, uuchunguze mwili wako kama ambavyo ungemchunguza mtoto mwenye homa.

Nyayo zote mbili ziguse sakafu, na magoti yawe karibu usawa wa nyonga. Kama kiti ni kirefu na hakishuki, weka kisanduku cha mbao chini ya miguu. Mgongo wa chini uegemee kitu. Khanga iliyokunjwa na kuviringishwa ikawekwa nyuma ya kiuno inatosha. Viwiko viwe usawa wa meza ili mabega yasipande unapoandika.

Kompyuta iwe mbali nawe kiasi cha urefu wa mkono, na ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho. Kama iko chini, iinue kwa rimu mbili za karatasi. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Na kila nusu saa simama, hata kama ni kupeleka faili masijala mwenyewe badala ya kumtuma mhudumu.

Kwa mama mjamzito kusimama na kutembea kidogo ni lazima, kwa sababu kukaa muda mrefu huongeza uvimbe wa miguu. Lakini ukivimba uso na mikono, ukaumwa kichwa kikali au kuona maluweluwe, usibadilishe kiti. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana hizo zaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia.

Dirisha na hewa

Florence Nightingale, ambaye sisi wauguzi tunamwita mama wa kazi yetu, alipoandika kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859, sura ya kwanza aliitoa kwa hewa safi. Mpaka leo jengo jipya huhitaji jambo hilo. Rangi mbichi na fanicha mpya hutoa harufu inayoumiza kichwa, na mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Wiki za kwanza fungua madirisha asubuhi kabla hujaketi.

Dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma yako, mwanga hurudi kwenye kioo cha kompyuta. Likiwa mbele, unakunja uso kutwa nzima. Kwa Dodoma kuna upepo wa kiangazi pia: futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, maana kikavu hurusha vumbi likaingia puani. Na Juni na Julai asubuhi ni baridi, hivyo sweta moja likae nyuma ya kiti. Ukitaka ua, chagua mshubiri. Hauhitaji maji mengi na hautakufa ukienda likizo.

Fahamu choo kiko wapi

Jambo hili akina mama hulionea aibu. Wengi hawanywi maji kazini kwa sababu choo kiko mbali, hakina maji au hakifungi. Mkojo ukikaa muda mrefu kwenye kibofu, vijidudu hupata nafasi ya kuzaliana, na mara nyingi ndipo unapoanzia ugonjwa wa njia ya mkojo. Siku ya kwanza tafuta choo, jaribu komeo, angalia maji. Kikiwa na kasoro, sema siku hiyo hiyo.

Mama anayenyonyesha

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea.

Kwa hiyo unapohamia, uliza mapema ni chumba gani chenye mlango unaofungwa unachoweza kutumia kukamua maziwa. Msala wa choo haufai. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hukaa muda wa saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 ndani ya friji. Penye joto zaidi, tumia friji au boksi lenye barafu.

Vyako na vya wenzako

Sasa lete kitambaa chako na picha ya watoto. Katika mji mgeni, picha hiyo na kikombe ulichozoea kutoka nyumbani hukutuliza moyo. Lakini kumbuka kwamba chumba ni cha watu wanne. Muulize mwenzako kabla ya kusogeza meza, kufungua redio au kubandika kalenda ya kwaya ukutani kote. Yule wa dini nyingine naye ana haki ya kupumua humo. Acha droo moja iwe yako: kandambili, pedi, dawa zako, kanga. Kiti na kabati ni mali ya ofisi, viandikishwe hivyo. Kile ulichokuja nacho kiandike jina.

Omba, na uombe mapema

Wiki ya kwanza ndiyo nzuri, boharia akiwa bado anagawa vifaa. Akishafunga leja, kubadilishiwa kiti huwa safari ndefu. Usiende na manung'uniko. Sema unachohitaji na sababu yake: "Kiti hiki hakishuki, naomba kile cha chumba cha pili ambacho hakitumiki." Akikataa, mwandikie afisa utumishi barua fupi.

Najua wengi wanaogopa kuonekana mama wa madai. Tumefundishwa kuvumilia, na uvumilivu ni sifa njema. Lakini unyenyekevu hautudai tunyamaze mpaka tulazwe. Unapopanga jikoni lako hakuna anayekuita mchokozi. Unataka tu kazi iende na mikono isiungue. Meza ya ofisi nayo ni hivyo hivyo. Kesho ukifika kazini, kabla ya kufungua faili la kwanza, tazama miguu yako ilipo.