Maslaha: Nani hupata haki nje ya mahakama?

DAMU inapomwagika Garissa, Wajir au Mandera, mara nyingi wazee wa koo huketi kabla ya faili kufika kortini. Kikao hicho huitwa maslaha, na uamuzi wake huhesabiwa kwa mifugo.

Azimio la Modogashe la mwaka 2001 liliweka viwango hivyo kwa maandishi: ngamia au ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa, 50 kwa mwanamke. Ajabu ni kwamba juhudi za amani zilizolitangulia zilianzishwa mwaka 1993 na wanawake wa Wajir, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi.

Manufaa ya maslaha hayapingiki. Fidia hulipwa na ukoo mzima, hivyo kila mzee ana sababu ya kuwazuia vijana wake wasilipize kisasi. Mahakama humfunga mtu mmoja. Haiwapatanishi majirani wanaonywesha mifugo kisima kimoja. Mwaka 2013, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kuondolewa kwa shtaka la mauaji baada ya familia mbili kupatana na ngamia na mbuzi kutolewa.

Lakini mauaji ni jambo moja, ubakaji ni jingine. Msichana anaponajisiwa, wanaoketi ni wanaume wa pande mbili, na fidia huwaendea jamaa zake. Ni nadra yeye kuulizwa iwapo ameridhika. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 haiwapi wazee wala wazazi uwezo wa kufuta kesi kama hiyo. Nayo Katiba ya 2010, Ibara ya 159, inahimiza njia za kijadi za kutatua migogoro mradi zisikiuke haki za kimsingi.

Usuluhishi nje ya korti, hata hivyo, si wa wafugaji pekee. Tangu 1999, mizozo mingi ya kimataifa kuhusu majina ya tovuti za intaneti imekuwa ikiamuliwa na wataalamu badala ya majaji. Huko kila upande hupewa nafasi ya kujieleza, na anayeamriwa kusalimisha jina ana siku 10 za kazi za kukimbilia mahakama kabla uamuzi haujatekelezwa.

Anayepigania jina la tovuti amewekewa mlango huo wazi. Msichana akienda polisi baada ya wazee kupeana mikono, huonekana amevunja amani ya ukoo, na mashahidi waliokuwa tayari kusema hawapatikani tena.