Dawa ya Kolesteroli, Dawa ya Alsa na Misuli ya Mgonjwa

Statini ni dawa zinazozuia ini lisitengeneze kolesteroli kupita kiasi. Tangu ya kwanza ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987, zimewaepusha wengi na mshtuko wa moyo na kiharusi. Kisii na Nyamira, kama kwingineko Kenya, wanaoandikiwa hasa ni watu wazima wenye kisukari au presha, na huzimeza kila siku kwa miaka.

Simvastatini na atorvastatini huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichomo kwenye ini na utumbo. Antibiotiki mbili, klarithromisini na erithromisini, hukizima kimeng'enya hicho. Statini ikikosa kuvunjwa hujilimbikiza mwilini: ikimezwa pamoja na klarithromisini, simvastatini inaweza kufikia takriban mara 10 ya kiwango chake cha kawaida. Mgonjwa hajazidisha hata kidonge kimoja, lakini mwili wake umezidishiwa dozi.

Misuli ndiyo huumia kwanza. Seli zake hufa na kumwaga ndani ya damu potasiamu, inayovuruga mapigo ya moyo, na mioglobini, protini inayodhuru figo. Hali hii, rabdomiolisisi, hutokea kwa nadra, lakini inaweza kuua. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, ulilinganisha wazee waliokuwa wakitumia statini. Waliopewa klarithromisini au erithromisini walilazwa kwa rabdomiolisisi takriban mara mbili zaidi ya waliopewa azithromisini, ambayo haikizimi kimeng'enya hicho kwa kiasi cha kudhuru.

Klarithromisini si dawa ya kifua peke yake. Hutolewa pamoja na amoksisilini na omeprazoli, kwa siku 7 hadi 14, kuua bakteria wa H. pylori wanaosababisha vidonda vya tumbo (alsa). Hapo ndipo hatari inapojificha. Statini imeandikwa kliniki ya hospitali ya rufaa, nayo dawa ya alsa inatoka kwenye kemisti ya Keroka au Ogembo, kwa mtu asiyejua mgonjwa anameza nini nyumbani. Kisheria antibiotiki hizi huuzwa kwa cheti cha daktari tu, na cheti hicho kinapaswa kuandikwa na mtu aliyeuliza kwanza.

Dalili nazo hudanganya. Maumivu ya mapaja, mabega na kiuno si jambo la kumshtua mtu anayechuma majani chai kwenye miteremko ya Nyamira au kuchonga mawe Tabaka. Uchovu na mwili kuuma hudhaniwa malaria, ugonjwa ambao umewahi kuzuka kwa kishindo katika nyanda hizi za juu. Ishara isiyopaswa kupuuzwa kamwe ni mkojo mweusi kama chai ya rangi, hasa misuli ikiwa imelegea. Huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kinga yenyewe ni rahisi. Mgonjwa aonyeshe dawa zake zote kabla ya kupewa nyingine. Panapofaa, daktari huchagua azithromisini. Klarithromisini isipoepukika, simvastatini husimamishwa hadi dozi iishe, na atorvastatini hupunguzwa au kusimamishwa. Kuiacha statini kiholela, kwa hofu tu, kunarudisha hatari ya moyo.

Aliyekwisha kuathirika hupimwa damu kuangalia kimeng'enya cha misuli (CK), potasiamu na hali ya figo, kisha hutundikiwa maji mengi ya mshipa. Figo zikishindwa kabisa, husafishwa damu kwa mashine. Uamuzi wa kurudia statini, kwa dozi ndogo au ya aina nyingine, hufanywa baada ya vipimo kutulia.