Daraja la Mawe la Reli ya Zamani

Mtu apitaye karibu na reli ya zamani huko Naivasha, akiona daraja la mawe, pengine hudhani ni rundo la mawe tu. Mwingine huyatazama mawe yale yaliyochongwa vizuri akawaza nyumba yake. Yafaa basi tueleze daraja la namna hiyo ni kitu gani.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Naivasha mwaka 1900. Siku zile Naivasha ilihesabiwa kuwa katika Uganda, hata tarehe 1 Aprili, 1902. Kwenye mabonde makubwa ya Mau yalijengwa madaraja 27 ya chuma, yaliyoletwa kwa vipande kutoka Marekani. Madaraja ya mawe yalihitaji mikono ya waashi.

Ufundi wake ni huu. Kwanza hutengenezwa fremu ya mbao yenye umbo la tao. Mawe yaliyochongwa kama kabari hupangwa juu yake kutoka pande zote mbili, mpaka jiwe la mwisho liingie katikati. Ndipo mbao huondolewa. Tangu hapo uzito wa gari la moshi huyabana mawe, wala hauyatengi. Lakini mtu aking'oa jiwe moja la tao, au maji yakila msingi, mengine hulegea. Na udongo wa Naivasha, wenye majivu ya volkano, huliwa upesi na maji. Hata saruji yaweza kudhuru: huzuia unyevu ndani, na jiwe laini hupasuka. Chokaa ndiyo ifaayo.

Kutoka Bara Hindi waliletwa watu zaidi ya 30,000 kuijenga reli hiyo, na karibu 2,500 walikufa. Jina la mhandisi mkuu, George Whitehouse, limo vitabuni. Majina ya waashi hayamo. Alama za tindo zao zimo katika mawe.

Wengi hudhani kwamba uzee wa jengo watosha kulilinda. Sivyo. Kwa sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, Waziri hulitangaza jengo katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa miezi miwili. Kwa hiyo anayelijua daraja kama hilo na awaandikie Makumbusho ya Taifa ya Kenya, aeleze mahali lilipo, apeleke picha, pamoja na habari alizozisikia kwa wazee wa hapo.