Marathoni Inayoamuliwa Juu ya Baiskeli

Oktoba 2025, mjini Kailua-Kona katika visiwa vya Hawaii, Mmarekani Taylor Knibb aliongoza wanawake wote kwenye mashindano ya dunia ya Ironman, ile triathloni ndefu ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Alikwisha kuogelea kilomita 3.8 baharini na kuendesha baiskeli kilomita 180, na marathoni aliyokuwa akiikimbia ilimbakishia kilomita chache tu. Akaanza kuyumba. Akatembea, akaketi kando ya barabara, na safari yake ikaishia hapo. Kabla yake Mwingereza Lucy Charles-Barclay, bingwa wa mwaka 2023, alikuwa amejitoa kwa kuzidiwa na joto. Ushindi ukamwendea Solveig Løvseth wa Norwei, kwa saa 8, dakika 28 na sekunde 27.

Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia muda wa marathoni ya triathloni, aghalabu hatushtuki. Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, yaani dakika 2 na sekunde 51 kwa kilomita. Gustav Iden wa Norwei aliposhinda Kona mwaka 2022, marathoni yake ilivunja rekodi ya njia ile, nayo ilikuwa ya saa 2, dakika 36 na sekunde 15: dakika 3 na sekunde 42 kwa kilomita. Pale Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, wapo vijana wengi, ambao hata jina hawajapata, wanaoweza kukimbia kwa kasi zaidi ya hiyo. Tofauti ni kwamba kijana wa Iten hufika mstari wa kuanzia akiwa amelala, amekula na amepumzika. Iden alianza kukimbia baada ya kazi ya takriban saa 5.

Kwa hiyo swali la mkimbiaji wa triathloni ndefu si anaweza kukimbia kwa kasi gani. Swali ni nini kitakuwa kimebaki mwilini atakapovaa viatu vya kukimbilia, na jibu lake hupatikana saa nyingi kabla ya hapo.

Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, kwa umbo linaloitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima aliyefanya mazoezi na kula vizuri, akiba hiyo ni kama gramu 500, ambazo hutoa takriban kilokalori 2,000. Ironman nzima hudai kilokalori 8,000 hadi 10,000, kutegemea uzito na mwendo wa mtu. Pengo hilo hujazwa na mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha siku kadhaa, pamoja na chakula anachokula njiani. Mafuta ni gogo la mti mgumu: huwaka muda mrefu, bali moto wake haupandi haraka. Wanga ni vifuu vya nazi. Kadiri mtu anavyojisukuma, ndivyo misuli inavyoyaacha mafuta na kudai wanga zaidi.

Hapo ndipo baiskeli inapoharibu marathoni. Mwendeshaji anakiona kilima, mtu anampita, naye anasimama juu ya pedali kwa dakika 3 ili asiachwe. Wakati huo hasikii maumivu yoyote. Akifanya hivyo mara 20 katika kilomita 180, ametumia wanga ambao alitakiwa kuwa nao kwenye kilomita ya 30 ya kukimbia, na hakuna namna ya kuurudisha wote akiwa bado njiani. Wenye kifaa cha kupima wati kwenye baiskeli hushauriwa na makocha wengi wabaki kati ya asilimia 65 na 75 ya nguvu wanayoweza kuihimili kwa saa moja. Asiye na kifaa ana kipimo kingine ambacho hakiuzwi dukani: kama huwezi kumwambia jirani yako sentensi nzima bila kukatisha kwa ajili ya pumzi, umekwenda mno.

Jambo la pili ni tumbo, na kwa maoni yangu ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Utumbo una mlango wake wa kupitisha glukosi, nao hujaa ukipitisha gramu 60 hivi kwa saa. Fruktosi, ile sukari ya matunda, hupita mlango mwingine. Ndiyo maana anayechanganya aina hizi mbili anaweza kufikia gramu 90 kwa saa, au hata kuzidi kidogo akiwa amezoea, bila chakula kumlala tumboni. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi za wanga, na chupa ya soda ya nusu lita ina gramu 50 na kitu. Si ajabu basi kwamba soda ya kola hugawiwa kwenye vituo vya njiani. Jeli za viwandani ni rahisi kubeba, lakini hazina uchawi wowote, ingawa bei yake hukufanya udhani zinao.

Kula huku ukikimbia si jambo ambalo mwili hulijua tu. Damu inayotakiwa tumboni huenda kwenye misuli na kwenye ngozi inayopoza joto, na hatua za kukimbia hutikisa kila kilichomo. Anayekula vizuri hula zaidi akiwa kwenye baiskeli, ambako tumbo limetulia, kisha hupunguza akianza kukimbia. Utumbo nao hufundishika: mtu akila wanga mwingi wakati wa mazoezi kwa wiki kadhaa, uwezo wa kuupitisha huongezeka. Kujaribu chakula kipya siku ya mashindano ni kujitafutia choo cha njiani.

Matatizo haya ya kula na kunywa yalianza siku ya kwanza kabisa ya Ironman yenyewe. Februari 1978 watu 15 walianza Ironman ya kwanza katika kisiwa cha Oahu, na 12 wakamaliza. John Dunbar ndiye aliyetangulia kushuka kwenye baiskeli. Kwenye marathoni wasaidizi wake wakaishiwa maji ya kumpa, wakampa bia. Gordon Haller akampita na kushinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Tuje sasa kwenye zile dakika za mwanzo za kukimbia, maana ndipo wengi hupotea. Mtu ametoka kwenye baiskeli iliyokuwa ikienda kilomita 35 kwa saa, na macho yake yameizoea kasi hiyo. Akianza kukimbia kilomita 12 kwa saa anajiona anatambaa. Miguu ni mizito na ya ajabu, kwa sababu misuli ya paja na nyonga imekuwa ikizungusha pedali kwa saa nyingi mwili ukiwa umeinama, na sasa inatakiwa kubeba uzito wote wa mwili uliosimama wima. Baada ya kilomita moja au mbili uzito huo hupungua, watu wanashangilia kando ya barabara, na mkimbiaji anatazama saa yake na kukuta anakwenda sekunde 30 kwa kilomita haraka kuliko alivyopanga. Anafurahi. Hiyo furaha ndiyo ya kuogopa.

Tuchukue mtu ambaye marathoni yake ya kawaida ni saa 3 na dakika 45, sawa na dakika 5 na sekunde 20 kwa kilomita. Katika Ironman, akipanga kukimbia kwa saa 4 na dakika 20, yaani dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita, ni mpango wa mtu mwenye busara aliyejiandaa. Kilomita 5 za kwanza angepaswa kwenda hata polepole zaidi ya hapo, na ajisikie aibu kidogo wanapompita. Wengi wa hao watakuwa wakitembea jua likizama. Kiptum alipokuwa Chicago alikimbia nusu ya pili haraka kuliko ya kwanza. Katika triathloni ndefu jambo hilo ni nadra sana, hata kwa mabingwa. Aliyefanikiwa ni yule ambaye mwendo wake umeporomoka kidogo kuliko wa wenzake.

Moyo nao una hesabu yake. Jasho linapotoka, sehemu ya maji ya damu hupungua, na kila pigo husukuma damu kidogo kuliko mwanzo. Moyo hufidia kwa kupiga mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mapigo hupanda saa baada ya saa ingawa mwendo haujabadilika, na joto huzidisha hali hiyo. Anayefuata mapigo peke yake mwishoni hujikuta anatembea bila sababu. Anayefuata kasi peke yake kwenye jua kali hujichoma. Wenye uzoefu hutumia mapigo kujizuia mapema, kisha kilomita za mwisho husikiliza mwili.

Kona huwa na joto la nyuzi 30 hivi pamoja na unyevu, na barabara yake inakatiza kwenye miamba myeusi ya volkano inayorudisha joto juu. Mkazi wa Tanga au Mombasa ataijua hali ile, na anayo faida, kwa kuwa mwili wake umezoea. Wanaotoka nchi za baridi huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto ili maji ya damu yaongezeke na jasho lianze kutoka mapema.

Kuhusu mazoezi yenyewe, kisa cha Mark Allen kinafaa zaidi kuliko majedwali mengi. Mmarekani huyu alishindwa Kona mara 6. Mwaka 1989 alikwenda bega kwa bega na Dave Scott, bingwa mara 6, kwa karibu saa 8, hadi alipomwacha kwenye kilima cha mwisho na kumshinda kwa sekunde 58. Marathoni yake ya saa 2, dakika 40 na sekunde 4 ilibaki rekodi ya Kona hadi mwaka 2016. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa amekubali ushauri wa kocha Phil Maffetone wa kutovuka mapigo 155 kwa dakika katika mazoezi mengi. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwanzoni hilo lilimlazimisha kukimbia kilomita kwa zaidi ya dakika 5, jambo la kufedhehesha kwa mtu wa kiwango chake. Baada ya mwaka hivi, kwa mapigo yaleyale, alikuwa akienda kwa dakika 3 na sekunde 20. Misuli ilikuwa imejifunza kutumia mafuta kwenye kasi ambayo zamani ilidai wanga.

Kanuni ya Maffetone ya kutoa umri wako kwenye 180 ni makisio tu, maana watu wa umri mmoja hutofautiana sana kwa mapigo. Lakini wazo lenyewe limesimama: sehemu kubwa ya mazoezi iwe ya taratibu kwelikweli, na ile ndogo iliyobaki iwe ngumu.

Mazoezi ya kushuka kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo yanahitajika, ila si lazima yawe marefu. Dakika 20 hadi 30, mara moja kwa wiki, humzoesha mtu ule uzito wa mwanzo na kumfunza kujizuia. Wengi huyafanya ya saa 2 kwa kujionyesha, wakaumia. Kukimbia huchana nyuzi za misuli kwa namna ambayo baiskeli haifanyi, kwa kuwa kila hatua paja hujikaza huku likivutwa kurefuka ili kuzuia mwili usianguke. Kwa hiyo mkimbio mrefu wa wiki, wa saa 2 hadi 2 na nusu, hauna mbadala, na kushuka vilima taratibu mara kwa mara hukaza misuli hiyo. Kukimbia kilomita 35 kila Jumapili ni kuutumia mwili kabla ya siku yake.

Kutembea kwenye kila kituo cha maji, hatua 30 au 40, si kushindwa. Hupoza mwili, humruhusu mtu ameze bila kupaliwa, na mara nyingi anayefanya hivyo tangu kilomita ya kwanza humpita anayelazimika kutembea kuanzia ya 28.

Maji yenyewe yana hatari ya pande mbili. Kukauka hujulikana. Kunywa kupita kiasi hakujulikani vya kutosha: mwaka 1997, waliomaliza Ironman ya New Zealand walipopimwa damu, karibu 18 katika kila 100 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida. Dalili ni kichwa kuuma, kutapika, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa, na mtu wa namna hiyo akiongezewa maji anaweza kufa. Kunywa kwa kufuata kiu ni salama kwa wengi kuliko kunywa kwa ratiba. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu hununuliwa dukani kama peremende, zisimezwe kabla au wakati wa mbio. Hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati ambapo figo zina shida tayari.

Tangu mwaka 2022 mtu wa ukanda huu hahitaji kwenda Hawaii kujaribu. Rubavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, imeandaa mashindano ya nusu umbali: kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Makosa ya baiskeli husamehewa zaidi kidogo katika umbali huo, kwa kuwa akiba ya wanga hukaribia kutosha.

Aliyemaliza asikimbie tena kwa wiki moja au mbili, hata kama miguu imeacha kuuma siku ya nne. Nyuzi zilizochanika huchelewa kupona kuliko maumivu yanavyoisha. Na mkojo ukitoka wenye rangi ya kahawa au soda ya kola siku hiyo au kesho yake, ni misuli iliyovunjika inayopita kwenye figo. Aende hospitali usiku huohuo.